Neno Ulilomtafsiria Suzana

Ngokolo, Shinyanga
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sostenes,

Habari za huko Lisboni? Mwezi wa saba mgongo ulikuwa unakusumbua. Naomba Mungu uwe umepona. Sisi tu wazima. Presha ya Mama imetulia. Mpunga umetuangusha mwaka huu, lakini michembe ya viazi ipo. Rebeka wa Suzana yuko darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele.

Salamu zinaishia hapo. Tangu siku ile ya Agosti uliponikatia simu, nakupigia, hupokei. Ndiyo maana nimeshika kalamu: barua huwezi kuikata katikati.

Unaikumbuka ile karatasi ya Kifaransa. Baba yake Rebeka, tangu amalize kazi ya kuchoronga miamba mgodini Geita akarudi kwao Ufaransa, miaka mitano hajauliza hata mtoto anakula nini. Juni akamtuma mwanamke mmoja kutoka Mwanza alete karatasi, Suzana atie saini. Mdogo wetu anauza chakula kwa wachimba almasi pale Maganzo na shule aliishia la saba, lakini si mjinga. Alikataa kusaini asichokielewa. Akakutumia picha ya karatasi wewe, msomi wetu, uliyesoma Kilatini seminari na kuishi kwa Wareno miaka saba. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, simu iko kwenye spika.

"Kaka, hili neno renonce ni nini?"

Ukacheka. "Ni kutangaza tu. Unatangaza rasmi kwamba wewe ndiye mama wa mtoto. Saini."

Akasaini.

Agosti yule mwanamke akarudi kudai cheti cha kuzaliwa, ati Rebeka akatiwe pasipoti. Suzana akamwambia mtoto haendi popote. Akajibiwa, "Si ulishamwachia baba yake?"

Tukakimbilia kwa Padre Onesmo, maana yeye alisoma Roma. Akasoma, akavua miwani. Akatueleza kuwa neno hilo kwa Kilatini ni renuntiare, na lugha zote zilizozaliwa humo zimelirithi: Waitaliano wanasema rinunciare, Wahispania na Wareno renunciar, Wafaransa renoncer. Kote huko maana yake ni kuachilia kilicho chako, kukikana.

"Ndilo neno letu la ubatizo," akasema. "Je, mnamkataa Shetani?"

Suzana akakaa chini sakafuni. Sostenes, dada yako amemkana mwanawe kwa neno la kumkataa Shetani, na aliyemshikisha kalamu ni wewe!

Nilikupigia siku ileile. Nilikuwa nimeshakutafutia udhuru, nikidhani umekosea. Ukaniambia, "Dada Dorah, nilijua. Niliangalia maisha ya mtoto. Hapo Maganzo atapata nini?" Kisha ukakata.

Atapata mama! Wewe ulipata nini hapa Ngokolo? Ulipata huyo huyo Suzana, aliyeacha masomo ili wewe uende seminari, na hakuna siku amekusimanga. Ungemwambia, "Neno hili ni kumwachia mtoto, nami naona umwachie," angekukatalia, mngegombana kama ndugu, yakaisha. Ukaona akili yake haitoshi hata kuulizwa. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko hata uongo wenyewe.

Afisa ustawi wa jamii ametusaidia kuandika pingamizi. Mtoto hatoki nchini mpaka mahakama isikilize, tarehe 21 Oktoba. Wanataka maelezo yako: kwamba Suzana alikuuliza, nawe ulimjibu nini. Andika kwa Kiswahili, uape mbele ya mwanasheria huko huko, utume upesi. Usitafute neno zuri. Neno ni "nilimdanganya."

Mama anaamini ulikosea. Anakutetea kwa majirani, "Lugha za watu hizo, hata msomi huteleza." Mimi sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, na usiponipokelea mimi simu, mpigie yeye.

Shemeji yako Nasibu anakusalimu, na Mama Mdogo Rhoda pia. Rebeka anasema mjomba ajue kuwa sasa anaandika jina lake lote. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kusema kweli.

Suzana nimemuuliza kama ana salamu. Amesema hana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,
Dorah