Maneno ya Mkono Mmoja

Mtani wangu Masanja,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jiwe letu la nyuma ya kiwanda cha pamba, na nimevaa koti lako. Usinune. Minza mkeo ndiye aliyenipa, na hata ungekuwa hai ungelikuta kwangu siku moja, maana binamu kama mimi haazimi, anachukua. Mama yangu na baba yako ni wa tumbo moja, na kwetu hiyo inatosha kukuita mume wangu mbele za watu na kuicheka miguu yako mirefu bila mtu kunikataza.

Sasa sina wa kumcheka. Nimeona niseme hilo kwanza, kabla sijajifanya shujaa.

Huku mvua zimeanza. Pamba ya mwaka huu imekwisha kupakiwa melini. Kwenye mashine yako wamemweka kijana wa Usagara, mpole, anayeiogopa ile mashine, nami namwambia aendelee kuiogopa. Sisi wanawake bado tunachagua pamba uani, chafu huku, safi huku. Wakati wa kupumzika tunakula kimya. Hakuna anayekuja kusimama mbele yetu na kiganja hewani, akitudai neno.

"Neno la mkono mmoja, Kabula!" Bado nalisikia.

Ulisoma kidogo kwa wamisheni, ukaacha baba yako alipofariki, lakini tamaa ya ukarani haikukutoka. Kiingereza ulichokuwa nacho ulitugawia kama karanga. Sheria yako ilikuwa rahisi: herufi tano, zilingane na vidole vya mkono, na ya mwisho iwe T, ikae kwenye kidole kidogo. Nilikuuliza kwa nini T. Ukasema imekaa kama nyundo, inapigilia neno lisitoroke. Ndivyo tulivyopata "light", taa. Tukapata "shirt", shati, na "night", usiku. Mimi kila neno nilikuwa naliacha na vokali mwishoni, kama tunavyosema kwetu, nawe ukanipigia kelele mbele ya wenzangu wote: "Funga mlango, Kabula, mbuzi wataingia!" Walinicheka wiki nzima. Lakini ni kwa vidole hivyo nilijifunza herufi, nikaja kuandika. Bila wewe barua hii isingekuwapo.

Kisha mashine ikala kidole chako kidogo cha mkono wa kushoto. Siku ile siwezi kuieleza. Nakumbuka pamba nyeupe, halafu… hapana, naiacha.

Uliporudi kazini mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, na sisi sote tulitazama chini. Ukauinua mkono uleule. "Jamani, mbona mmenuna? Mkono umepunguzwa, basi na neno lipunguzwe. Sasa ni herufi nne." Nilicheka kwa nguvu kwa sababu kucheka ilikuwa kazi yangu, na nilipofika nyumbani nikalia. Tangu hapo T ikahamia kidole cha pete. Tukawa na "goat", mbuzi, na "salt", chumvi, na "boat", mashua. Maneno ya herufi tano hukuyataja tena mbele yetu, nami sikuthubutu kukuomba. Nilidhani umeyaacha, wewe na ukarani wako. Hilo liliniuma kuliko kidole chenyewe.

Homa ilipokuchukua tulikuzika Buswelu, kwenu. Siku ya mazishi niliruhusiwa kulia kama watu wengine. Siku ya kuondoa matanga mtani halii. Unaijua kazi hiyo, ulimfanyia shangazi yako, mama yangu, ukavaa kanga yake ukatembea kwa kuchechemea mpaka wazee wakashika mbavu. Mtani huvaa nguo ya marehemu, humwigiza, watu wakacheka, ndipo msiba hukubali kutoka nyumbani. Nisingefanya, Minza angebaki ndani. Asingenyolewa, asingeshika jembe, na mvua ndiyo hiyo.

Nami nilikuwa nimejificha jikoni nyuma ya chungu. Mdomo wangu huu unaoujua wewe, haukuwa na neno hata moja. Nje watu walikuwa wameanza kuniulizia. Minza akaingia na koti, akaliweka magotini pangu. "Wifi yangu, nisaidie nitoke," akasema.

Nikalivaa. Nikatoka uani kwa hatua zako ndefu, nikajikwaa kizingitini kama ulivyokuwa ukijikwaa kila siku ya Mungu. Wakaanza kucheka. Nikapata moyo, nikainua mkono wa kushoto, nikakunja kidole kidogo, nikasema kwa sauti yako, "Neno la mkono mmoja!"

Kicheko kikakatika. Mtani ana ruhusa ya mengi, Masanja, lakini kwa kidole kile niliona nimevuka mpaka. Baba yako mkubwa aliinamisha kichwa. Nikataka kusema "goat" niyamalize, nikakae chini, na msiba ubaki hapohapo ulipo.

Ndipo Limi, binti yako, akaondoka ubavuni kwa mama yake. Akaja akasimama kando yangu, akainua mkono, akakiweka kidole chake kidogo pale nilipokunja changu. Kwa mkono wake wa pili akaanza kugusa vidole vyangu kuanzia gumba, akitaja herufi mojamoja bila haraka. Alipofika kwenye kidole chake mwenyewe akasema T, akakaza midomo kama ulivyokuwa ukikaza wewe.

Neno lilikuwa "heart". Moyo.

Baadaye Minza aliniambia kwamba ndivyo mlivyokuwa mkifanya kila jioni ukitoka kazini, mtoto anakuazima kidole. Kumbe hukuyaacha. Sisi kiwandani tulikuwa tunakuhurumia kwa maneno yako mafupi, na kwako ulikuwa na mkono mzima.

Watu walicheka, ndugu yangu. Walicheka huku wanalia, Baba mkubwa akiwa wa kwanza. Minza alinyolewa mchana uleule, na leo yuko shambani, anapanda.

Koti nabaki nalo, desturi inaniruhusu. Lakini nakuahidi jambo. Limi nitampeleka shule ya masista, hata Baba mkubwa akinuna, hata nikichagua pamba mpaka macho yangu yachoke. Na wakati wa kupumzika atakuja hapa jiweni kwetu, nimnyooshee mkono wangu. Kidole kidogo nitakuwa nakikunja. Pale ni pake.

Lala, mume wangu wa mdomoni. Mlango nimeufunga, mbuzi hawataingia.

Mtani wako,
Kabula