Njoka Amekuja

Kijijini, karibu na Runyenjes
9 Juni 1957

Mpendwa ndugu yangu mdogo Njoka,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Je, hujambo? Kile kifua kimepona, au baridi ya kambi ya kizuizini bado inakukohoza? Sisi tu wazima, na mahindi yameshika vizuri. Bwana anayesoma barua kabla yako naye namsalimu. Humu hamna siri ya serikali.

Uliniuliza kama ukiachiliwa bado una kwenu. Nilikawia kujibu kwa sababu sikutaka kukudanganya. Tangu ukamatwe na nyumba yetu ya zamani kuchomwa, baba alikataa jina lako litajwe. Unaijua sala yake ya jioni: huanza na babu, kisha hushuka mmoja mmoja hadi mtoto wa mwisho. Akifika kwako alikuruka kama mtu anavyoruka mtaro, akaenda kuwaombea ng'ombe.

Mimi hapo nilikuwa nakumbuka Misri, wakati wa vita, nilipokuwa dereva wa jeshi. Padre wetu alitupeleka kuona hekalu la kale. Ukutani wamechongwa mfalme na mwanawe, wamesimama mbele ya majina ya wafalme waliowatangulia, kila jina katika duara lake, ili wote wakumbukwe na kupewa sadaka. Nikadhani kweli ni wote. Mzee aliyetuongoza akacheka, akasema wengine wamerukwa makusudi, maana hawakupendwa. Nikamuuliza, basi wamepotea? Akasema la, yako mawe mengine yenye majina yao.

Sasa sikia. Mke wangu Marcella amejifungua mtoto wa kiume, wa tatu. Mila unaijua: wa kwanza ni jina la baba, wa pili la baba mkwe, wa tatu la ndugu yangu. Na ndugu sina mwingine. Mama Kathambi, mkunga, alipotoka mlangoni, wanawake wakamuuliza kama kawaida yetu, nani amekuja? Akapaza sauti: Njoka amekuja!

Wee! Homugadi wanaolinda kijiji walisikia hilo tu, wakadhani umetoroka. Wakaja mbio na mikuki, Muturi mkubwa wao mbele, wakazingira nyumba, akaamuru utoke mikono juu. Ni watu wa hapa hapa, lakini hofu ilikuwa imewasahaulisha mila. Kathambi akamletea kitoto ndani ya shuka, akamwambia, huyu hapa, mkamate, lakini jihadhari, amekojoa. Muturi mwenyewe alicheka. Baba alijificha uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Ndugu yangu, nakuungamia: Kathambi aliambiwa jina hilo na mimi, bila ruhusa ya baba. Niliogopa atanifukuza. Jioni ile alianza sala kama desturi. Alipofika mahali pako hakuruka, hata Marcella akafumbua macho. Kisha baba akasema, Mungu mlinde Njoka. Nikadhani anamtaja mtoto. Akaongeza: wote wawili.

Basi jibu lako ndilo hilo. Kwenu kupo.

Marcella na Mama Kathambi wanakusalimu. Baba hakunituma salamu, ila ameuliza mara nyingi barua hii itaondoka lini. Mungu akutunze. Tafadhali nijibu upesi.

Kaka yako,
Salesio Ireri