Mbuzi Aliyemeza Pete

Kigoma, Siku ya Mungu, kisha misa

Kwako Yaya Felista, dada yangu mukubwa, kule Baraka,

Jambo sana, yaya. Uko muzima? Magoti inakusumbua tena, ao ile dawa ya majani ya Fizi imesaidia? Batoto bako banasoma? Miye mwili uko muzuri, sina malaria, sina njaa. Ni roho tu haina salama, na ni yenyewe imenishikisha kalamu kisha miaka mbili ya kukunyamazia.

Bado niko nauzisha migebuka ya kukaanga hapa sokoni. Samaki tunazifunga mu magazeti ya zamani, tunayanunua kwa kilo. Hii juma mama moja alikuja kutaka samaki mbili. Nikavuta gazeti, nikaanza kufunga, macho ikaanguka ku maneno makubwa. Mikono ikasimama.

"We baba, unanifungia samaki ao unasoma?"

"Mama, ngoja kwanza."

Akangoja, akachoka, akaenda kwa jirani yangu pamoja na matusi yake.

Acha nikusomee, yaya, maana ile siku Batanzania balikuwa na habari! "MLINZI WA BENKI AIBIWA VIATU AKIWA LINDONI." Eti hakulala, alifunga macho juu ya kusali. "KOCHA: NYASI NDEFU ZIMETUFUNGISHA." Mabao tano, na kosa ni ya nyasi! Aje kule Lulimba aone nyasi. "WAZIRI AAHIDI MAJI KABLA YA MVUA." Na ku kona, maneno madogo kama mayai ya chawa: "KONGO: HALI YATULIA MASHARIKI." Ee Mungu wangu, hali yatulia! Nilicheka mupaka samaki zikaungua.

Kisha nikageuza upande mwingine. "MBUZI AMEZA PETE, NDOA YAAHIRISHWA."

Nikaketi chini, pale pale kati ya magamba ya samaki.

Yaya, nikukumbushe yale miye niliyoyaona, halafu nikuambie kwa nini niliketi. Ile asubuhi nilikuwa ku maji, napakua samaki za ndagala. Risasi ikaanza upande wa barabara ya Fizi. Nikakimbia kuja kwetu. Njiani nilimukuta mama wa kuuza pombe amelala juu ya mutungi wake, kichwa kimefunguka, pombe na damu vinatelemuka pamoja. Muzee moja alikuwa anatambaa, anavuta muguu wake kwa mukono sababu ulibaki ku ngozi tu. Sikusimama. Nikapita nyuma ya migomba, nikaona mulango wetu.

Mbele ya mulango muntu amelala kifudifudi, amevaa koti ya baba. Ile ya kahawia, yenye kiraka ya bluu ku kiwiko, weye mwenyewe uliishona. Kiraka ilikuwa imekuwa nyeusi kwa damu. Uso sikuuona. Basoda babili benye bunduki bakatoka mu nyumba na godoro letu, moja akanifyatulia, risasi ikakata mugomba karibu ya sikio yangu. Nikakimbia. Boti niliyoingia nayo bakaipiga. Batu batatu baliangukia mu maji na hakuna aliyewageukia, hata miye.

Kesho yake, Kigoma, bakaniandikisha mukimbizi, bakapiga muhuri wa tarehe ku karata. Nikanyoa kichwa. Nikakaa chini siku tatu, nikamulilia baba, na Babembe bote ba kambi bakanisaidia kulia.

Halafu kisha miaka, ikafika barua yako. Uliniandikia kwamba baba hakukufa ile siku. Ule mwenye koti alikuwa soda: aliingia kwetu kupora, akaivaa koti juu ya uniforme yake, benzake bakamuua sababu ya kugombania godoro. Baba aliona yote, alijificha mu mihogo na redio yake chini ya shati. Basoda bakaondoka. Siku ya nne kisha zile risasi, asubuhi, kama desturi yake, baba akafungua redio ya Tanzania kusikiliza banavyosoma magazeti. Akasikia ile ya mbuzi, akacheka mupaka akakohoa, akasema, "Hii nitamuambia Asukulu akirudi." Ukamuvuta mukono mukimbilie Kilembwe. Akakatala: "Mutoto wangu akirudi akute nyumba bila muntu?" Sawa ya saa sita basoda bakarudi. Bakamukata na panga pale ku mulango, na redio iko inaimba.

Na miye nilikujibu nini? Nilikuita muongo. Nilikuandikia kwamba umetunga habari ya mbuzi ili bandugu baseme nilimuacha baba muzima. Ulimi hauna mufupa, yaya, na kalamu vile vile.

Sasa sikia. Ule muhuri wa karata yangu naujua kwa kichwa, maana tunaonyesha karata kila siku ya kugawa mahindi. Gazeti hili liliandikwa siku tatu kisha ule muhuri kupigwa. Na redio haisomake magazeti ya kesho. Kumbe nilipokuwa nimekaa chini na upara wangu, baba alikuwa anakunywa chai yake na kunichungulia njiani. Nywele zangu nilizinyoa juu ya mwizi wa godoro! Nilimulilia, nilimuombea misa! Cheka, yaya, baba angecheka.

Miye nimeshindwa kucheka. Nilimukimbia baba akiwa muzima, na alikufa juu ya kuningojea. Hivyo ndivyo ilivyo, naandika kwa mukono wangu na bandugu bote basome. Weye ulisema ukweli, na ulikaa miaka mbili na jina la muongo nililokupatia. Nisamehe.

Gazeti naweka mu bahasha, litakufikia kwa mama mwenye boti ya mahindi. Linanuka samaki. Tarehe iko juu, na ndiyo siku yake. Seremala aiandike ku musalaba wa baba, usibaki tena bila siku ya kufa.

Nisalimie muyomba anayepiga kengele ya kanisa Fizi, na shangazi wa Lulimba mwenye kucheka mupaka kuku zinakimbia, na ule jirani mushona viatu aliyekusaidia kuchimba kaburi. Ule, mushike mukono kwa mikono mibili, umuambie ni Asukulu.

Na moja ingine, yaya. Ukifika ku kaburi, musomee baba gazeti lote. Anza na viatu vya mulinzi, kisha kocha. Ya mbuzi iweke mwisho, na usome hata maneno madogo, maana redio haikuyasema: ule mbuzi alikuwa wa mahari, bakwe bakakatala achinjwe, bakakaa siku mbili banachungulia mavi. Umuambie mutoto wake ameisikia.

Ni miye mudogo wako, nimenyoa tena leo asubuhi, mara hii juu ya baba mwenyewe,

Asukulu