Saiklopi Bila Jicho

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa neno saiklopi nilitolee fasili! Kamusi nzima imejaa maneno ya kistaarabu — saa, sabuni, sahani — mimi naangukiwa na jitu la jicho moja. Na Mwenyekiti wetu mpya ana jicho moja. Ijumaa anakuja kukagua herufi S, na siku hiyo hiyo anaamua nani aongezewe mkataba. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana. Mungu wangu!

Jumanne, 4 Machi
Neno ni la Kigiriki. Kuklos ni duara, ops ni jicho. Jicho la duara — basi! Hakuna "moja" humo ndani. Nimefurahi hadi nikapiga meza. Mhariri Mkuu kafunga mlango, kasema hilo duara ndilo baya zaidi, Mwenyekiti atadhani tumelipima jicho lake. Kuanzia leo neno "jicho" marufuku ofisini. Mama Chai kasema anarudi na vikombe kufumba na kufumbua, Mhariri Mkuu akamkatisha kwa kikohozi. Maskini, karudi na dawa ya kifua.

Jumatano, 5 Machi
Bwana Matamshi — yule anayemrekebisha mtu hata salamu — kapata njia. Eti wapo wataalamu wanaodai neno lilitokana na maneno ya kale zaidi, yenye maana ya mwizi wa mifugo. Shangwe! Tumeandika: "jitu la hadithini, jizi la ng'ombe." Nikauliza, jamani, mwizi ndiyo heshima? Wakaniambia nisilete nuksi. Mchoraji naye kachora jitu limetugeuzia mgongo.

Alhamisi, 6 Machi
Mume wangu kasema niandike ukweli. Nikamjibu, rahisi kwako, huna kazi ya kupoteza. Kanuna. Nimejuta.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika hapa hapa kikaoni, wanadhani nachukua muhtasari. Mwenyekiti kaja: mrefu, suti ya kijivu, jicho la kushoto limefumba kabisa. Mkataba wangu uko chini ya kiwiko chake. Kasoma. Kageuza mchoro, kaangalia hata nyuma ya karatasi. Kauliza jicho limekwenda wapi.

Mhariri Mkuu kaanza kukohoa. Mama Chai kachomoa dawa mfukoni! Bwana Matamshi akawa anakagua dari.

Basi nimesema mimi. Jicho la duara. Moja tu. Katikati ya paji la uso. Sauti imenitoka kama ya mbuzi.

Hakukasirika. Kasema tangu aumie, watu humsalimu wakiangalia viatu vyake. Alidhani hapa, kwa watu wa maneno, mambo yangekuwa tofauti. Nimeona aibu, masikio yakawaka moto.

Kisha kasema fasili yetu haina mfano wa matumizi, niandike anachosema yeye: "Saiklopi aliwauliza wanakamusi wanaogopa nini."

Nimeandika. Sasa anataka jibu, anatupitia mmoja mmoja. Mhariri Mkuu anaangalia viatu. Bwana Matamshi, viatu. Anayefuata ni mimi —