Mama Amekataa Kupasuliwa kwa Ugonjwa Tuliomtungia

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nikianza kujieleza huwa nazunguka sana, na safari hii ninayemzungumzia ni mama yangu mzazi.

Mama ni fundi cherehani, na si wa kubadilisha zipu tu, ni fundi wa magauni ya maharusi, anafanyia kazi sebuleni kwetu ghorofa ya pili kwenye cherehani ya miguu ambayo amekataa katakata kuibadilisha kwa ya umeme, anasema umeme ukikatika bibi harusi haelewi. Mwaka jana alipasuliwa tumbo akatolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, akawekewa dripu za dawa, nywele zikapungua zikarudi, na zilipomaliza kurudi akajishonea gauni jekundu akasema mpangaji amefukuzwa na vyombo vyake. Ndivyo alivyoiita saratani, mpangaji, na sisi tukacheka naye kwa sababu tulidhani imekwisha.

Baadaye paja la kulia likaanza kumuuma. Sote tukasema ni umri, tukasema ni hiyo pedeli, jirani akaleta dawa ya kuchua, hata zahanati walisema hivyo hivyo, lakini maumivu yakafika mahali yanamwamsha usingizini, ndipo tukampeleka hospitali kubwa akapigwa picha. Mama alipokuwa anatolewa damu chumba kingine daktari akatuita mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye tunayemsikiliza, akatuambia ile saratani ya utumbo imeonekana kwenye mfupa wa paja. Alisema kwa kawaida ya namna hii hukimbilia ini au mapafu, kwenda mfupani ni nadra, ndiyo maana haikushukiwa mapema, na mfupa umeshaliwa sehemu moja kiasi kwamba unaweza kuvunjika hata kwa kujikwaa kidogo. Wanataka wauwekee chuma kwa ndani kabla haujavunjika, halafu wampige mionzi. Mguu ule usibebe uzito, akatukabidhi magongo na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu ya kunywa.

Kaka akasema mama asijue. Aliniambia, "Ukimwambia, umemuua kwa mkono wako mwenyewe." Daktari akajibu kwamba mama akimuuliza yeye hatamdanganya, ila anatupa nafasi tuzungumze naye wenyewe kwanza. Tukatoka, na mimi sijafungua mdomo kaka ameshasema, "Mama, ni baridi yabisi tu, imekaa vibaya." Mama akamtazama, akauliza, "Mpangaji hajarudi kweli?" Kaka akasema, "Mama, acha mawazo." Na mimi nikatikisa kichwa kumuunga mkono kaka.

Sasa sikia tulichojifanyia. Tulipomwambia anatakiwa kupasuliwa paja, mama aliweka sindano chini akatushangaa. "Baridi yabisi gani ya kupasuliwa? Shangazi yenu anayo tangu mjukuu wake wa kwanza, amepasuliwa lini? Waambieni hao madaktari wakapasuane wenyewe." Mshauri, ningejibu nini? Kwa ugonjwa tuliomtungia, yuko sahihi kabisa. Magongo nayo hayataki, amelaza moja juu ya viti viwili anatundikia magauni yaliyopigwa pasi.

Basi mimi kwa akili yangu nikaona angalau nimzuie kukanyaga pedeli, nikautoa mkanda wa cherehani nikauficha kwenye mkoba wangu wa kazini, nikamwambia umekatika nitanunua mwingine. Mimi napiga pasi kwa dobi mmoja mjini, kila nikirudi ananiuliza mkanda, kila siku nasema umeisha madukani. Juzi narudi nikamkuta kwenye ngazi, amekaa katikati, jasho linamtoka, ameshika mkanda mpya. Alikuwa ameshuka ngazi zote peke yake, akavuka barabara, akanunua, na njiani kurudi mguu ukamgomea. Akaniambia, "Imejaa tele dukani. Wewe ulikuwa unanunulia wapi?" Nilimwinua polepole, nasikiliza kama nitasikia mfupa unalia.

Nimempigia kaka, nimemwambia tumweleze, amewaka. Kitanda tumepangiwa Alhamisi, na mpango wake ni tumpeleke kwa kumwambia anakwenda kuongezewa maji, sisi tuweke sahihi, akiamka imeshapita. Ile mofini ameichukua iko kabatini kwake, anasema hiyo ni ya watu wanaoaga dunia. Mama anakunywa vidonge vya kawaida vya maumivu, navyo havimsaidii, namwona anauma kitambaa akidhani sioni.

Sijawahi kumpinga kaka yangu. Lakini nampenda mama kuliko ninavyomwogopa kaka, na sijui kama kumpenda ni kumwambia au kunyamaza. Nikinyamaza mguu utavunjika, nikisema labda nitamvunja moyo, na kaka ameshaniambia lawama nitabeba peke yangu. Nisaidie kabla ya Alhamisi.

Ni mimi, binti wa fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeshika kichwa, na hapo kwenye ngazi nilisimama nikanywa maji. Kabla hujaendelea kusoma, shusha magauni ya watu kwenye hilo gongo, yapate msumari kwingine, na magongo yote mawili uyaweke pembeni ya kiti cha mama yako. Dawa ya kuchua mrudishie jirani kwa shukrani. Paja lile lisikandwe na mtu yeyote. Na ikitokea amesikia kitu kimelia pajani kama kinavunjika au maumivu yamepanda ghafla hawezi kusimama, usimwinue tena kama juzi. Mlaze alipo, ita gari la wagonjwa.

Sasa nikugombeze kidogo, kisha nikushike mkono. Umeficha mkanda ili mama asikanyage pedeli, mama akashuka ghorofa mbili kuutafuta. Ulifanya kwa mapenzi, najua, lakini umeona uongo wenu unavyomtembeza. Na msimwite mkaidi. Mama huyo ametumia akili yake vizuri sana, ila mmempa habari mbovu za kufikiria.

Kaka yako simwiti mbaya. Ni mtu aliyezika baba na anaona anaelekea kuzika na mama, amepaniki, na kwa kuwa ni mkubwa hana wa kumwambia. Lakini huo mpango wa Alhamisi ni mbaya, nausema bila kupepesa. Mama yenu ana akili timamu, sahihi ni yake, na daktari aliyewaambia hatamdanganya hatakubali mchezo huo. Mnataka azinduke na kidonda pajani, aanze kuwauliza wauguzi kimetoka wapi, na ajue kwamba watoto wake walimpakia kwenye gari kwa hila? Baada ya hapo atamwamini nani akimpa hata kidonge?

Mimi ni mshauri, si tabibu, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari mmoja wa saratani. Alithibitisha kwamba saratani ya utumbo kwenda mfupani si jambo la kila siku, na familia nyingi hupoteza muda kwenye umri na uchovu kama ninyi, kwa hiyo hilo usijilaumu. Chuma huwekwa ili mgonjwa aweze kukanyaga tena na maumivu yapungue, na mfupa ambao haujavunjika ni rahisi kuushughulikia kuliko uliokwisha kuvunjika. Mionzi hufuata kidonda kikipona, nayo hutuliza, ila haitulizi siku hiyo hiyo, mwambie asikate tamaa mapema. Kuna pia dawa za kuimarisha mifupa ambazo kabla ya kuzianza hutazamwa meno na figo. Mkaulize kama zinamfaa, na mkaulize pia kama saratani iko sehemu nyingine na dawa gani inafuata. Hakuniahidi kwamba atapona, nami sitakuahidi. Alichosema ni kwamba kuna kazi kubwa ya kufanya ili mama huyo aishi vizuri, na haiwezi kufanyika kwa siri na mwenye mwili.

Mofini itoke kabatini leo. Si ya wanaoaga, ni ya wanaoumia, na mama yako anauma kitambaa. Anywe kama daktari alivyoandika, asizidishe wala asiruke, na mwombe daktari dawa ya kulainisha choo iendane nayo, hasa kwa mtu aliyekatwa utumbo. Akianza maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukagoma, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile akiwa na kiu isiyokatika, anatapika na anaanza kuchanganyikiwa.

Tuje kwenye lile unaloliogopa. Mpigie kaka yako jioni ya leo, mwambie kwa heshima zote: "Kaka, kesho namwambia mama. Nakuomba uje tukae pamoja." Usimwombe ruhusa. Akipiga kelele, mwache apige, simu haiumi. Kesho asipokuja, mwambie mama peke yako. Lawama anayokutisha nayo ni ndogo kuliko ile utakayojibebesha mfupa ukivunjika.

Usianze kwa hotuba. Anza kwa kumuuliza yeye anadhani paja lina nini. Huyu ni mtu aliyewahi kuugua saratani, mguu unamuuma usiku kucha, na pale hospitali aliwauliza waziwazi kama mpangaji amerudi. Alikuwa anawafungulia mlango, mkaufunga. Basi akishajibu, mwambie: "Mama, tulikudanganya, nisamehe. Si baridi yabisi. Ule ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa paja, mfupa umedhoofika, na daktari anataka kuutia chuma usivunjike." Maneno hayo yanatosha. Usiongeze "lakini usijali", atajali. Usimtajie miezi wala miaka ambayo hakuna aliyekupa. Akiuliza usilolijua, sema hujui, na kwamba mtakwenda kumuuliza daktari pamoja. Kabla ya Alhamisi apate nafasi ya kukaa na daktari huyo mwenyewe, aulize kwa mdomo wake, na ninyi mkae nyuma.

Anaweza kulia. Anaweza kukutukana, na kwa mama anayewaambia madaktari wakapasuane, jiandae kutukanwa vizuri. Anaweza pia kusikia yote na bado akakataa kisu. Likitokea hilo litaniuma mimi na litakuuma wewe, ila atakuwa amekataa kitu cha kweli, na hapo mtamwuliza daktari ni njia gani nyingine ya kuulinda mguu na kumpunguzia maumivu. Lakini nikikumbuka kwamba mwaka jana alipasuliwa tumbo akijua kwa nini, sidhani kama atakataa.

Chagua saa ambayo hana mteja. Zima simu. Ukishamaliza kusema, usikimbilie jikoni kuchemsha chai ili usimwone uso. Kaa hapo hapo, mshike mkono, kwa sababu mama yako naye anaogopa, na mpaka leo ameogopa peke yake.