Baba na vidonge vyangu

Efrazia, baba anameza vidonge vyangu! Vile vya sonona nilivyopewa kliniki. Nilidhani navipoteza mwenyewe, kumbe ni yeye.

Nimemkuta jikoni sasa hivi, pakiti mkononi. Nikamwuliza, baba, unaumwa nini?

Eti, "Wewe tangu uanze hivi hulii tena. Na mimi nataka."

NA MIMI NATAKA. Mzee wa miaka sabini na tano!

Unajua aliendesha trekta shamba la ngano la serikali zamani, huko Hanang. Kumbe walilima juu ya makaburi ya Wabarbaig, wale wafugaji wa huko, makaburi yaliyoinuliwa udongo kama vichuguu. Na alijua.

Nikamwuliza, vimesaidia?

"Hapana. Bado nasikia trekta inapanda, inashuka."

Hapo mtu analia, Efrazia. Mimi nikamwongezea chai.