Mtani wangu Fuchs

Eagan, Jumamosi, Februari 1996

Natangaza rasmi kwamba leo nimepiga shati pasi, mpaka kola.

Lilikuwa la kumuaga mzee Fuchs. Jina lake kwa Kijerumani ni mbweha. Aliniambia mwenyewe kwamba zamani jina hilo walipachikwa wenye nywele nyekundu, au wajanja.

"Sema wezi wa kuku," nikamjibu. Alicheka hadi akakohoa. Tangu hapo tukawa watani, kila asubuhi nilipoingia zamu.

Kwetu mtani hutania hata msibani. Basi nikaliinamia jeneza, nikasema kwa Kiingereza, wote wakasikia: "Mbweha, kuku leo watalala salama."

Hakuna aliyecheka. Binti yake akanijia, macho yamevimba. "Wewe ulikuwa nani kwake?"

Nikatafuta namna ya kumweleza utani, nikashindwa.

"Nilikuwa namwogesha," nikasema.